Kwanza karatasi, kisha paa, fotei mwisho



Wengi wenu mlituuliza: kijana aliyeoa juzi, mwenye feza kidogo, aanzie wapi kutengeneza nyumba yake? Juma lililopita tulipanda Kadutu, hapa kwetu Bukavu, kumtembelea mwenzetu mmoja na bwana wake. Wana mwaka mmoja na nusu wa ndoa na mtoto mmoja. Yeye anauza sambaza sokoni, bwana ni motari. Wamekubali tuandike habari yao, lakini majina yao tunayaacha nyumbani kwao.

Walipewa nyumba ya mbao ndani ya parsele ya baba mkwe: vyumba viwili, kila kimoja meta 3 kwa 4, chini udongo mtupu, juu mabati yenye kutu. Mvua ikinyesha usiku, walisogeza kitanda mara tatu. Walikuwa na dola 560. Dola 300 ni za mama, alizopata siku ya kugawana feza za MUSO. Dola 200 ni za bwana, na 60 zilibaki kutoka bahasha za harusi.

Bwana alitaka fotei. Tusimcheke. Wageni wanapoingia wanakaa wapi? Mtu anayekaribisha wakwe juu ya bido lililogeuzwa anaona haya. Muuzaji mmoja alikuwa tayari kuwapa fotei za dola 350, nusu sasa, nusu kwa deni. Mama akafanya hesabu: 560 kutoa 350, zinabaki 210. Akamuuliza bwana: «Fotei zikilowa, tutazisogeza upande gani?» Mazungumzo ya fotei yakaishia hapo.

Sisi tulipofika mara ya kwanza, mwezi wa sita, tulifurahi tu. Tulisifu mpango wao, tukapima madirisha kwa ajili ya rido, tukashauri rangi. Ni mama mmoja mzee wa shirika letu, aliyekuwa amenyamaza pembeni, ndiye aliyeuliza: «Binti yangu, nyumba hii ni ya nani?»

Kukawa kimya. Nyumba ni ya baba mkwe. Tena bwana ana wadogo watatu, na mmoja amekwisha kusema kwamba akioa atahitaji chumba. Yule mama mzee akaendelea: «Bati unaweza kulingoa. Kitanda unaweza kukibeba. Lakini simenti, siku ukiambiwa utoke, utaifunga ndani ya kikwembe kipi?»

Ndugu zangu, tuliona haya. Tulikuwa tunamsaidia mwenzetu kuzika dola 300 za sambaza chini ya nyumba ya mtu mwingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza. Kwa hiyo, leo tunaanza na karatasi.

KARATASI

Bwana na mama walienda pamoja kwa baba mkwe, siku ya Mungu jioni, wakabeba soda na maneno ya heshima. Mama hakusema «nataka haki yangu». Alisema: «Baba, tunataka kutengeneza nyumba uliyotupatia. Tunaomba tuandike kidogo, ili wadogo wetu kesho wasigombane na sisi.» Mzee hakufurahi. Alisema karatasi ni za watu wasioaminiana. Ilichukua majuma mawili na shangazi mmoja mwenye busara mpaka akakubali.

Mwishowe hakutoa yote. Parsele inabaki yake, na baada yake ya watoto wote. Alichokubali kuandika ni mambo matatu: kwamba bwana na bibi wataishi katika nyumba ile, kwamba kazi watakayofanya ni ya feza yao wawili, na vitu vyote vitaandikwa pamoja na bei, na kwamba jamaa ikihitaji nyumba, watarudishiwa feza ile kwanza, au watapewa muda wa mwaka mzima. Wakatia sahihi mzee, bwana, mama mwenyewe, mashahidi wawili, na shefu wa avenyu. Nakala tatu. Moja inakaa kwa mama.

Hiyo si hati ya kiwanja, tusidanganyane. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na anayetambuliwa juu ya parsele ni yule mwenye jina kwenye cheti cha kuandikishwa. Lakini karatasi yenye sahihi na mashahidi ni bora kuliko neno lililosemwa mezani, kwa sababu wazee wanaondoka na maneno yao.

Jambo la pili ni ndoa yenyewe. Mahari ilikuwa imetolewa, kanisani walikuwa wamebarikiwa, lakini komine hawakuwa wamefika. Wengi wetu tuko hivyo. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ndoa ya mila iandikishwe kwa ofisi ya hali ya raia. Siku ile wawili wanachagua pia namna ya kushika mali. Wasipochagua, sheria inahesabu kwamba vile walivyonunua tangu kuoana ni vya wote wawili. Na tangu mwaka 2016, sheria haimdai tena mke ruhusa ya bwana: bwana na bibi wanapaswa kupatana wote wawili juu ya mapatano yanayowafunga. Hawa wawili walienda komine mwezi wa saba. Mama alituambia: «Nilipotoka pale, ndipo nilipokwenda kununua simenti kwa moyo mweupe.»

PAA NA MAJI

Kazi ilifanyika kiangazi, mwezi wa saba na wa nane. Kwetu mvua inarudi mwezi wa tisa, na anayengoja mwezi wa tisa analipa mara mbili.

Hawakubadilisha paa lote. Bwana alipanda mchana, mama akabaki ndani na mlango umefungwa: kila mahali alipoona nuru, aligonga kwa fimbo, na bwana akaweka alama ya makaa. Walikuta mabati 7 yaliyokufa kabisa. Walinunua 7 kwa dola 9 kila moja, na bati moja la kupitisha mwanga kwa dola 11, liwe juu ya chumba cha mbele. Pamoja na misumari na mbao mbili za kenchi, dola 94.

Kisha maji ya chini. Ninyi mnaojua milima yetu mnajua kwamba maji ya jirani wa juu ni wageni wa jirani wa chini. Walichimba mtaro nyuma ya nyumba, wakaupanga mawe, wakauelekeza kwenye mfereji wa avenyu, si kwenye ukuta wa mtu. Wamotari wenzake wanne walikuja kusaidia, wakalishwa bugali na sambaza. Mawe na chakula: dola 40.

CHINI NA KUTA

Udongo wa ndani unaleta vumbi, funza na baridi kwa mtoto anayetambaa. Fundi alipanga mawe madogo kwanza, akayashindilia, akamwaga zege la unene wa sentimeta 5, kisha akapaka simenti laini juu. Kwa vyumba viwili, meta 24 za mraba, ilichukua mifuko 9 kwa dola 13: dola 117. Mchanga 35, fundi 30. Jumla 182.

Sikieni siri moja ambayo mafundi wenye haraka hawasemi. Simenti haipati nguvu kwa kukauka. Inapata nguvu kwa kukaa na maji. Mama alitandika magunia juu ya sakafu, akayalowesha asubuhi na jioni kwa siku saba. Walilala kwa jirani juma lile. Jirani mwingine aliyeingiza vitanda siku ya pili, sakafu yake leo inatoka unga ukifagia.

Mbao za ukuta zilizooza ni zile za chini tu, zinazogusa udongo. Walizikata, wakainua ukuta juu ya mstari wa mawe na simenti iliyobaki, na miguu ya nguzo wakaipaka mafuta machafu ya motere, kwa sababu ya mchwa. Mbao 12 kwa dola 4, misumari 6, chokaa na rangi 18. Jumla 72.

MOTO

Nyumba ya mbao ikishika moto, haingoji mtu. Kadutu tumeona avenyu nzima zikilala nje usiku mmoja. Kwa hiyo hawakubandika makaratasi na makartoni ukutani, ingawa yanazuia upepo. Waya zilizokuwa zimefungwa kwa nailoni zilitolewa zote. Fundi wa umeme aliweka waya mpya, taa mbili, priza moja, na kifaa cha kukata umeme wenyewe unapozidi. Dola 32, na tunasema hizo ni dola zilizotumiwa vizuri kuliko zote.

Mbabula haiingii ndani, hata usiku wa baridi. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala moshi. Watu wanalala na hawaamki. Walijenga kibanda kidogo cha kupikia nje kwa mabati yale ya zamani. Na mshumaa, umeme ukikatika, unasimama ndani ya sahani yenye mchanga, mbali na rido.

VITU VYA NDANI

Hapa walikuwa wametumia 94, 40, 182, 72 na 32: jumla 420. Zilibaki 140.

Matela ilikuja kwanza, dola 65, kwa sababu mtu anayelala vibaya anafanya kazi vibaya. Kitanda kilitengenezwa na seremala wa kartie kwa mbao za mkaratusi, dola 40. Walimwomba akiinue juu, ili chini yake waweke masanduku na magunia. Yeye huyo, kwa dola 12, aligeuza mabaki ya mbao kuwa benchi mbili ndefu na etajeri moja. Rido na mito ya benchi, mama alishona mwenyewe kwa vikwembe viwili vya harusi ambavyo havivai tena na kitambaa cha mtumba. Ndani ya mito ni vipande vya matela ya zamani. Dola 8. Zikabaki 15, na hizo walikataa kuzigusa. Mfuko wa simenti ukipasuka, mtoto akiugua, ndizo zitakazojibu.

Tunaongeza neno moja kwa wanamemba wa MUSO. Kisanduku cha kijani ni cha kuweka na kukopa. Anayetaka kukopa kwa ajili ya bati, aje tuzungumze. Lakini kisanduku chekundu ni cha msaada wa shida: ugonjwa, msiba, moto. Hakinunui fotei wala rido. Tumesikia maombi ya namna hiyo mwezi uliopita, na mwenye sikio amesikia.

TULIVYOKUTA

Tuliporudi juma lililopita, mvua kubwa ilitukuta ndani. Kelele juu ya bati ilikuwa kali mpaka hatukusikiana. Hawajaweka prafo bado, wanangoja mwaka ujao. Tone moja lilianguka karibu na mlango, bwana akalitazama kama mtu anayemtazama mdai wake, akasogeza sufuria. Lakini sakafu ilikuwa kavu, mtoto alikuwa analala, na sisi watu sita tulikaa kwenye benchi zile bila kubanana. Hakuna aliyeuliza fotei ziko wapi.

Yule mdogo wa bwana naye alikuwepo. Anaoa mwezi wa nne. Alizunguka nyumba akigusa kuta, akauliza bei ya mbao, kisha akamuuliza shemeji yake: «Ile karatasi, mliandikaje?» Mama akaingia chumbani, akatoa bahasha chini ya matela, akamsomea polepole. Kijana alikuwa ameifungulia mlango hasira miezi mitatu iliyopita. Sasa ameomba nakala, apate mfano wa kumwendea baba kwa ajili ya sehemu yake. Mambo hayajaisha katika parsele ile, lakini sasa wanajua namna ya kuyazungumza.

Wamama, posho tuliyobeba kutoka Kadutu ni hii. Kabla ya kupima dirisha, uliza nyumba ni ya nani. Kabla ya kununua kitu kinachoonekana na wageni, nunua kile kinachozuia maji. Andika kila kitu na bei yake katika daftari, hata msumari, na daftari lisomwe na wote wawili. Na wewe mama mkwe unayesoma ukurasa huu, usiseme kwamba hayakuhusu: kijana wako akija na soda na maneno ya heshima, mpe kiti na kalamu.

Siku ya posho, kwenye mkutano wetu wa saa nane, yule mama mzee atakuja na mfano wa karatasi, bila majina, kwa yeyote anayetaka kuunakili. Leteni daftari zenu. Juma lijalo tutazungumza juu ya mabomba ya paa na namna ya kuweka maji ya mvua yasilete mbu.

Kaeni na amani nyumbani mwenu.