Usikubali fundi akukazie turbo ili upakie lumbesa

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara wa mazao, leo sizungumzii mbolea wala viwavi. Mtasema bwana shamba kahamia gereji. Semeni tu. Kitunguu nilichokufundisha kulea tangu kitaluni kikiozea kwenye kona za Kitonga ndani ya pikapu iliyokufa, jasho lako limekwenda bure na kazi yangu pia.

Kuna mtindo umeingia kwetu. Pikapu ya dizeli ikilemewa na mlima, mwenye gari anaambiwa, "Hii turbo kiwandani waliibana, ngoja tuiongeze kidogo." Fundi anachukua spana, anazungusha nati ya fimbo mara mbili tatu, anapokea hela yake, na kweli gari linavuta. Mwenye gari anafurahi, anamwambia jirani, na jirani naye anapeleka lake. Mimi nasema wazi: anayekaza turbo bila kupima presha anakula hela yako na kukuachia ugonjwa kwenye injini.

Kwanza ujue anachokaza ni nini. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja, nyingine inasukuma hewa ndani ya injini. Ikiwa kazini, shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili. Ikiachwa bila kidhibiti itaongeza kasi mpaka ijivunje yenyewe. Ndiyo maana pembeni yake kuna kikopo cha duara, kama kopo la dawa ya viatu, chenye fimbo ya chuma. Mafundi wanakiita westigeti, ingawa westigeti yenyewe ni kilango kidogo kilichomo ndani, ambacho fimbo hiyo inakifungua. Presha ikifika kiwango kilichopangwa, hewa inapita kwenye hosipaipu nyembamba, inashinda nguvu ya springi ndani ya kikopo, fimbo inasogea, kilango kinafunguka, na moshi wa ziada unapita kando bila kugusa feni. Kwenye pikapu nyingi za zamani tunazotumia huku, kiwango hicho hakifiki hata bar 1.

Ukiifupisha fimbo, unakibana kilango kichelewe kufunguka. Hakuna nguvu mpya iliyotengenezwa hapo. Umeondoa breki ya turbo tu.

Tena hewa peke yake haivuti mzigo, kinachovuta ni dizeli inayoungua. Kwenye pampu nyingi za zamani zinazofanya kazi pamoja na turbo, presha ikipanda pampu nayo inaongeza dizeli mpaka kikomo chake. Kwa hiyo fundi akishakaza fimbo, kesho anakuambia, "Sasa tufungue na pampu." Hapo ndipo moshi mweusi unapoanza, na joto la ekzosi linapanda kuliko injini ilivyoundwa kustahimili. Pistoni ni ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Geji ya rejeta haitakuonyesha joto hilo, maana yenyewe inapima maji. Unapanda mlima sindano iko katikati, unajiona uko salama, kumbe juu ya pistoni panaungua.

Kwa magari ya kompyuta ni kichekesho kabisa. Kompyuta inaona presha imezidi, inapunguza dizeli, taa inawaka, na gari linakuwa zito kuliko ulipolipeleka. Umelipa ili upunguziwe nguvu.

Halafu sisi tunapanda. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini unaingia kwenye nchi ya juu, ambako hewa ni nyepesi. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kujaza presha ileile iliyokuwa inaijaza bondeni. Yaani palepale unapotaka ikusaidie, ndipo tayari iko karibu na mwisho wa uwezo wake. Na wewe umeshaikazia.

Msimu uliopita nilipewa lifti kwenye pikapu ya namna hiyo, imesheheni vitunguu, turbo imekazwa kama wiki tatu hivi. Mwenyewe alikuwa akijisifu njia nzima jinsi anavyoyapita malori. Katikati ya mlima tukasikia mluzi, kisha mlio kama wa chuma kukata chuma. Moshi wa bluu ukajaa barabara. Dereva akatoa mguu kwenye mafuta, injini ikazidi kunguruma. Akazima funguo, injini haizimiki! Turbo ilikuwa imekatika, oili inaingia kwenye injini kupitia njia ya hewa, na injini inaungua oili yake yenyewe. Hapo funguo haina kazi. Bahati nzuri dereva alikuwa mtu mzima wa barabara: akaingiza gia ya nne, akakanyaga breki mpaka chini, akaachia klachi, injini ikakabwa ikafa. (Nawe likumbuke hilo. Usiende kuziba njia ya hewa kwa kiganja, itakuvunja mkono.) Nyuma yetu kulikuwa na lori la mafuta. Sitaki hata kuwaza lingekuwaje kama breki zetu zingekuwa mbovu.

Vitunguu vilihamishiwa kwenye lori lililotaka nauli liliyoipanga lenyewe. Pikapu ilivutwa. Mkopo wa kikundi aliochukua kuinunua bado anaulipa, gari likiwa juu ya magogo nyuma ya nyumba.

Najua utanijibu: "Bwana shamba, fulani amekaza mwaka mzima na anapanda." Sawa. Na wewe muulize fulani anapakia kiasi gani. Pikapu zetu nyingi zimeundwa kubeba kama tani moja. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani moja tayari, kabla hujajihesabu wewe, dereva na utingo. Ukipakia magunia 15 ya lumbesa yenye kilo 130 kila moja, umekaribia tani mbili. Turbo hapo imekosea nini? Sisi wakulima tunalia kila siku kwamba lumbesa inatuibia sokoni, na tunalia kwa haki. Halafu lumbesa hiyohiyo tunaipakia garini na kumlipa fundi ili injini iivumilie. Pakia tani moja, rudi tripu ya pili. Kama tripu ya pili hailipi, basi bei uliyokubali shambani ndiyo haikulipi, na hilo tuliongee kwenye kikundi, siyo gereji.

Gari likikosa nguvu na mzigo wake halali, usianze na fimbo. Fungua filta ya hewa kwanza. Kwa vumbi la barabara zetu za mashambani nimeona nyingine zimegeuka tofali. Kisha filta ya dizeli, hasa kama unanunua dizeli ya madumu, maana maji yamo. Pitisha mkono kwenye hosi kubwa zinazotoka turbo kwenda injini: ukiona sehemu imelowa oili na vumbi limeganda, au hosi imepasuka kwa chini, presha yako inavujia hapo. Inyanyue kila tairi uone kama breki haishiki. Haya yote hayakugharimu hata nusu ya anachodai fundi wa kukaza, na magari mengi yanaponea hapa.

Ile hosipaipu nyembamba ya kikopo nayo iangalie. Ikipasuka au ikichomoka, kikopo hakipati habari, kilango hakifunguki, na presha inapanda bila kikomo. Dereva anafurahi gari limechangamka ghafla. Asifurahi, asimame.

Sisemi fimbo haiguswi kabisa. Inaguswa pale kikopo kilipobadilishwa, au geji inapoonyesha presha iko chini ya kiwango cha kiwandani na vyote nilivyotaja vimeshakaguliwa. Hapo fundi anaunga geji kwenye njia ya hewa kwa kiungo cha njia tatu, mnapanda kilima gia ya tatu, mafuta mpaka chini, anasoma namba. Anarudi, anazungusha nati nusu mzunguko, mnapanda tena. Anaishia kwenye namba ya kitabu cha gari lako, haivuki. Fundi anayefanya hivyo mlipe vizuri na mpe na chai.

Anayekuambia yeye anapima kwa sikio, chukua funguo zako uondoke. Baada ya yale ya Kitonga nilinunua geji yangu mwenyewe, na iko ofisini kwangu hapa kata. Njoo siku ya mnada asubuhi ukiwa na pikapu na fundi wako, lakini usije umeipakia.