Ritifaa Iliyodondoka: Anwani ya Filamu na Herufi Zake

Tunapofundishwa uhakiki, tunaambiwa kuwa anwani ni mlango wa kazi ya fasihi. Tunajadili ufaafu wake, tunaihusisha na maudhui, kisha tunapata alama zetu. Sijawahi kuulizwa katika mtihani wowote kuhusu umbo la herufi zilizoiandika anwani hiyo. Katika riwaya pengine si neno. Katika filamu, hasa ya taharuki, ni jambo zito, na chama chetu kimelithibitisha hilo bila kukusudia.

Waliohudhuria onyesho la filamu fupi ya wanachama wenzetu muhula uliopita watakumbuka kisa chake: kila usiku vigingi vya mpaka wa shamba la mjane vinang'olewa na kusogezwa hatua chache, wala haonekani mtu. Filamu iliitwa Ng'oa Kigingi. Mwelekezi alipakua mtandaoni fonti ya bure ambayo kila herufi yake inachuruzika damu. Fonti hiyo haikuwa na ritifaa. Kwenye ukuta wa ukumbi tukasoma, kwa wekundu uliokolea, NGOA KIGINGI.

Enyi wanaisimu, hamna haja ya kukumbushwa kwamba ng' na ng ni sauti mbili. Ngoa ni tamaa, ni wivu wa mahaba. Nyuma yangu msichana mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba hadithi itakuwa ya mapenzi, na kwa dakika tano za kwanza alikuwa bado akimtafuta huyo mpenzi aitwaye Kigingi. Nilicheka, kisha nikaona haya. Chama cha Kiswahili, jamani!

Nimewasikia watayarishaji wakijitetea kuwa mtazamaji ataelewa tu, na kwamba damu ndiyo ishara ya taharuki. Kuhusu damu, siafiki hata kidogo. Katika filamu nzima halimwagiki tone. Hofu inatokana na kukiona kigingi, asubuhi, mahali pasipo pake. Herufi zinazochuruzika zinaahidi mauaji ambayo hayaji, na mtazamaji anayengoja kisu hakitazami kigingi.

Taharuki hulelewa na habari inayocheleweshwa. Katika Alien ya Ridley Scott (1979), anwani haiandikwi kwa mkupuo. Vijistari vinajitokeza kimoja kimoja juu ya skrini, nasi tunangoja tujue vitakuwa herufi gani. Hamna damu pale. Katika Seven ya David Fincher (1995), Kyle Cooper alizikwaruza herufi kwa mkono, zikaoana na madaftari ya muuaji yanayoonyeshwa papo hapo mwanzoni. Mikwaruzo hiyo ina mwenyewe ndani ya hadithi. Wengi waliiga baadaye, mikwaruzo ikawa yatima.

Ningekuwa mwelekezi, ningeichota fonti ndani ya hadithi yetu. Kitovu cha filamu ni hatimiliki ghushi iliyopigwa taipureta, yenye herufi a iliyokatika mkia. Herufi hizo hizo ndizo zingeandika anwani, na mtazamaji angekutana tena na a ile karibu na mwisho, katika barua ya shemeji. Nakiri kuwa herufi za taipureta zimetumika mno katika filamu za upelelezi, ila hapa zina kazi. Tena taipureta ina ritifaa.

Anayeipenda fonti fulani na aiandike kwanza anwani yenyewe, asiridhike na alfabeti ya mfano, maana baadhi ya fonti za bure huishia kwenye herufi 26. Kisha aitazame kwenye simu, na ukutani akiwa kiti cha nyuma kabisa. Ritifaa ikikosekana, huchorwa kwenye tarakilishi kwa muda mfupi tu.

Nakala ya kupelekwa kwenye tamasha haijawasilishwa bado. Ofisi ya chama huwa wazi Alhamisi alasiri, nami niko tayari kuileta taipureta ya babu yangu.