Kasi ya mkono haitoshi kumpa kijana namba

Nenda uwanja wowote wa vumbi hapa Likoni Jumamosi jioni, kuanzia Mtongwe mpaka Shika Adabu, utasikia mashabiki wakimpima winga kwa kitu kimoja tu: mbio. Akimpita beki mara mbili, basi, ni moto huyo, apewe namba. Hakuna anayeuliza kama anajua kukrosi, wala kama dakika ya 70 bado atakuwa na pumzi.

Ugonjwa huo sasa una mchezo mwingine wa kuingilia Afrika Mashariki, nao ni besiboli. Usicheke. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani. Miaka kumi baadaye, Los Angeles Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Mwaka 2023 ikawa zamu ya David Matoma, aliyechukuliwa na Pittsburgh Pirates kabla hajatimiza miaka 18. Huyu ni mrushaji, yaani yule anayesimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira. Mpira wake hupita maili 95 kwa saa.

Hebu tuzipime hizo maili kwa macho ya hapa kwetu. Ni kama kilomita 153 kwa saa, matatu ya Ukunda haijawahi kuota. Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, kwa hivyo mpira unafika kwa takriban sekunde 0.4. Mpigaji hana hata nafasi ya kufikiri vizuri. Ndiyo maana maskauti huja na kipima kasi, kile kile anachokulenga nacho askari wa trafiki barabarani, na namba ikipanda macho yanawatoka. (Mtu akikwambia mwanawe wa miaka 14 anarusha maili 95, muulize hicho kipimo alikiazima wapi.)

Lakini kuna warushaji wa aina mbili. Kuna anayeanza mechi, na kuna anayeingizwa baadaye arushe kwa nguvu zake zote kwa dakika chache, kisha atoke. Huyo wa pili anaweza kuishi kwa kasi peke yake. Anayeanza hawezi. Anatarajiwa kufika angalau raundi ya tano kati ya tisa, na kukutana na wapigaji wale wale mara ya pili, hata ya tatu. Mara ya tatu washamzoea. Kasi yake wanaijua, wanaisubiri. Hapo ndipo atahitaji mpira unaopinda, na ule unaotoka mkononi kama wa kasi kumbe ni wa polepole, na uwezo wa kuupeleka anapotaka akiwa kachoka, jasho limemjaa machoni. Greg Maddux hakuwa na mkono wa kutisha watu, ila alishinda mechi 355 na kuchukua tuzo ya mrushaji bora miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995.

Kwa hivyo mtu akituuliza kama kijana fulani ana mustakabali wa kuanza mechi, sisi hatutaanza na kasi. Tutauliza raundi ya nne anarushaje. Na kama hana mpira wa pili wala wa tatu bado, hiyo si sababu ya kumtupa kwenye kundi la wale wa kuingizwa. Kijana aliyeujua mchezo huu akiwa mkubwa, kwenye uwanja wa kuazima, hajapata miaka ya mazoezi aliyoipata mwenzake wa Dominika au Texas. Apewe hiyo miaka kwanza.

Tena kasi ina deni, na deni hulipwa kiwikoni. Ule upasuaji maarufu wa kurekebisha kano ya kiwiko, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, humweka mchezaji nje mwaka mzima na zaidi. Wamarekani wenyewe wamejifunza kwa uchungu. Miongozo yao inasema mtoto wa miaka 13 na 14 asizidishe mirusho 95 kwa siku, na akifika 66 apumzike siku nne. Sasa fikiria kocha wa mtaani mwenye mrushaji mmoja tu mzuri na kombe la wikendi mbele yake. Atahesabu kweli?

Watoto wa Likoni wanaopopoa maembe kwa jiwe, tena wanalenga bua wala si embe, wapo tele, na mikono ya kweli ipo. Siku skauti akivuka feri kuja upande huu na kipimo chake mkobani, mzazi asishangilie namba. Kabla ya kutia saini amuulize mtoto atarushishwa mara ngapi kwa wiki, shule itakuwaje, na kiwiko kikikatika mwaka wa kwanza, hospitali analipa nani.