Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Gongo Hailipi Ushuru, Hospitali Inalipa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Masasi kuhusu gharama ambayo wananchi wa huku na wa Newala tunaibeba bila kusomewa hesabu yake.

Kuanzia Oktoba, minada ya vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU huleta fedha kwa wakulima wa korosho. Wakati huohuo mabibo yamejaa chini ya mikorosho. Korosho inakwenda bandari ya Mtwara. Bibo, lililo zito mara kadhaa kuliko korosho yake, huoza shambani au hukamuliwa uraka, na uraka ukipikwa inatoka gongo. Sheria inaikataza. Inamwagwa, na msimu ukirudi inapikwa tena.

Hayo ya kumwaga nawaachia polisi. Mimi nazungumzia wodi. Bia hulipa ushuru kabla haijafunguliwa. Gongo hailipi hata shilingi moja. Lakini mnywaji wake akivimba tumbo kwa ini lililosinyaa, akitapika damu, au akishindwa kumeza kwa saratani ya koo la chakula, analazwa hospitali ya Mkomaindo, Ndanda au Newala kama mgonjwa mwingine yeyote, na ndivyo inavyopasa. Shirika la Afya Duniani linahusisha pombe na magonjwa na majeraha zaidi ya 200, na kwa mwaka 2019 pekee lilikadiria vifo milioni 2.6. Kifua kikuu kimo, kwa kuwa pombe hudhoofisha kinga ya mwili na kumfanya mgonjwa akatize dozi. Abiria wa bodaboda aliyevunjwa mguu na dereva mlevi naye yumo, hata kama hanywi.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, uliotozwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa ikiishia hospitali ya mkoa. Rufaa ilipoandikwa ya Muhimbili au Ocean Road, familia ilitafuta fedha pasipo na fedha. Hapo ndipo korosho zilipouzwa kwa kangomba, nje ya mnada na kwa bei ya chini, hata kabla ya kuokotwa, na mama aliyepalilia shamba hilo hakuwahi kuonja tone la gongo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeutaja ushuru wa vileo miongoni mwa vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo. Nauunga mkono. Ila huku kwetu kinywaji cha maskini hakipiti kwa mtoza ushuru, na bia ikipandishwa bei peke yake, wengine watahamia kwenye gongo. Mfuko utawatibu wanywaji ambao kinywaji chao hakiuchangii kitu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kila anayelazwa aulizwe habari ya pombe, kwa staha na siri, jibu liandikwe, na gharama ijumlishwe kwa wilaya. Sehemu ya ushuru wa vileo irudi kwenye vituo vya afya, wapatikane wahudumu wa kuwasaidia walevi kuacha kabla ini halijaharibika. Zungumza pia na mwenzako wa Kilimo: watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamekwisha kuonyesha kuwa bibo hutoa juisi na jamu. Linakosa mnunuzi tu.

Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017 na vikaondoka madukani, kwa hiyo serikali ikiamua inaweza. Anza na Masasi na Newala msimu huu, na hesabu hiyo isomwe bungeni pamoja na bajeti ijayo ya wizara yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Masasi