Bi harusi injinia anayetaka kutetea washtakiwa



Mwezi uliopita nilimpima bi harusi mmoja, injinia wa umeme, miaka sita kazini. Futi kamba iko kiunoni mwake, ananambia: "Dada, naacha kazi. Naenda kusoma sheria niwatetee washtakiwa wa jinai." Khalati yake aliyekaa kwenye benchi alipaliwa na soda. "Wezi na wabakaji? Na harusi iko mlangoni!" Akamkumbusha Suratun Nisaa, aya ya 105, inayokataza kuwatetea wahaini.

Mimi elimu yangu ni fomu foo na cherehani, lakini darsa sikosi. Aya hiyo, walivyoeleza wafasiri wengi, iliteremka kuhusu deraya iliyoibiwa Madina. Jamaa za mwizi walisimama kumtetea, na kosa akatupiwa Myahudi asiye na hatia. Basi aliyeokolewa pale ni mshtakiwa! Kinachokatazwa ni kumsemea uongo mtu unayejua kafanya hiana. Kumhoji shahidi, kuuliza ushahidi umetoka wapi, kuangalia adhabu isizidi kosa, hiyo si hiana. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo haimhesabu mtu kuwa na hatia mpaka ithibitike.

Mdogo wangu aliwahi kushtakiwa kwa simu iliyoibwa dukani alikokuwa akifanya kazi. Siku ya wizi alikuwa kwangu, ananisaidia kukata vitambaa. Hatukuwa na pesa ya wakili, wala hatukujua tuulize nini. Kesi ilikuja kufutwa, lakini uchumba wake ulikuwa ushavunjika. Laiti angekuwepo mtu mmoja tu mwenye akili ya injinia, wa kushikilia saa na tarehe!

Kwa hiyo mimi nasema aende. Ila (na hili nilimwambia mwenyewe) amweleze mwanamme kabla ya akdi, sio baada ya fungate. Digrii ya sheria ni miaka minne, halafu kuna mafunzo ya uwakili. Mshahara wa uinjinia hautakuwepo. Ada atalipa nani? Mtoto akija katikati? Mume ataridhika mkewe aende rumande kuonana na mteja?

Wiki iliyopita kaja kupimisha gauni. Kashamwambia. Bwana kaomba siku tatu za kufikiri, na mimi gauni naendelea kulishona.