Asili Zetu Ziandikwe, Zisifichwe

Visiwa vya Bahari ya Hindi vimejengwa na wasafiri. Wako waliokuja kwa hiari, wako waliokuja kwa mkataba, na wako walioletwa kwa minyororo. Mauritius imelikiri jambo hilo hadharani, nasi twaona mfano wake wastahili kutazamwa na wahusika wa mambo ya kale hapa Zanzibar.

Katika bandari ya Port Louis lipo eneo la Aapravasi Ghat, lililofanywa kituo cha kupokelea vibarua mwaka 1849. Mgeni anayelizuru huiona ngazi ya mawe ambayo vibarua waliipanda waliposhuka melini, na mabaki ya jiko na hospitali yao. Karibu watu nusu milioni, wengi wao Wahindi, walipelekwa kisiwani humo tangu mwaka 1834, kwa kuwa mashamba ya miwa yalihitaji mikono mingine utumwa ulipokomeshwa.

Lakini lenye thamani kuliko mawe hayo ni daftari. Kila kibarua aliandikwa jina, namba, meli na kijiji chake, na baadaye akapigwa picha. Leo mjukuu aweza kulikuta jina la babu yake. Watumwa waliowatangulia hawakupata heshima hiyo. Baadhi yao walitoka pwani yetu, ambako mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Hata hivyo Mauritius haikuiacha historia moja iifunike nyingine: Februari 1 hukumbukwa kukomeshwa kwa utumwa, na Novemba 2 kuwasili kwa vibarua.

Je, sisi? Unguja na Pemba wamo wenye asili ya Mrima, Unyamwezi, Manyema, Nyasa, Ngazija, Hadhramaut, Oman na Kutch. Mkunazini pana kumbukumbu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Kukarabati kuta ni wajibu, lakini kuta hazisemi nani alifika na kwa njia gani.

Nasi tusijidanganye. Suala la asili limepata kutumiwa hapa kumpunguzia mtu haki yake na kumwita mgeni katika nchi aliyozaliwa. Dawa ya maneno hayo si kunyamaza, bali ni ukweli uliowekwa mbele ya watu wote.

Kwa hiyo twapendekeza utengwe ukumbi mmoja wa historia ya waliofika wote, nyaraka za kale zihifadhiwe na kufunguliwa kwa wananchi, wazee wahojiwe wangali hai, na wanafunzi wapelekwe bila ya malipo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema kwamba mwenye kuijua asili yake ndiye bwana wa jirani yake.