Hisabati na Haki ya Mizani

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 mkoa wetu uliitwa Shaba, na hata leo madini hayo ndiyo yanayolisha jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Hata hivyo, wengi wenu mtamaliza shule ya sekondari mkiwa mmekokotoa asilimia mara nyingi daftarini, bila kuulizwa hata siku moja gunia la mawe lina kilo ngapi za shaba.

Tuchukue mfano. Mchimbaji mdogo anapeleka kilo 800 za mawe kwa mnunuzi. Mashine ikisoma kwamba mawe hayo yana asilimia 12 ya shaba, basi mna kilo 96 za shaba. Ikisoma asilimia 8, ni kilo 64 tu. Tofauti ya vipande vinne katika mia inaonekana ndogo, kumbe imeondoa kilo 32, yaani theluthi ya jasho lake. Kwa miaka mingi wachimbaji wa Katanga wamelalamikia mizani na vipimo vya wanunuzi. Asiyeijua hesabu hii huondoka na uchungu moyoni tu. Anayeijua anaweza kuuliza: pimeni tena, na mnionyeshe.

Maandiko Matakatifu hayakuwaachia wafanyabiashara peke yao jambo hili. Kitabu cha Walawi (19:35-36) kinaamuru vipimo vya haki, na kile cha Mithali (11:1) kinaihesabu mizani ya uongo kati ya mambo ambayo Mungu hayavumilii. Karibu nasi zaidi yuko Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa mjini Goma. Aliuawa Julai 2007 kwa sababu alikataa rushwa ya kuruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma, tarehe 15 Juni 2025. Utakatifu wake ulionekana katika kazi ya kukagua na kusema ukweli juu ya alichokikagua.

Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na malezi ya walimu na ya vijana wa parokia tunasema hivi: hisabati ifundishwe kwa kazi za kweli za mahali tunapoishi, na masomo ya intaneti yawe chombo cha kusaidia kazi hizo. Wala hatuombi jambo geni. Programu mpya za Hisabati na Sayansi, zilizoanza mwaka 2018 katika darasa la 7 la Elimu ya Msingi, zinataka somo lianzie katika hali ya maisha. Lakini mara nyingi hali hiyo husomwa ubaoni kama hadithi fupi, kisha hufutwa, na mwanafunzi hubaki na kanuni ya kukariri. Hali ya maisha inayosomwa tu bila kupimwa haimfundishi mtu kupima.

Kazi ya kweli ni ipi? Tutazame paa la kanisa au la ukumbi wa parokia. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1, hutoa lita 1 ya maji. Tuseme jengo lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 12, basi eneo lake ni mita mraba 240. Mvua ya milimita 20 italiletea paa hilo lita 4,800, yaani bidoni 240 za lita 20. Kila jamaa inayonunua maji kwa bidoni itaielewa hesabu hiyo mara moja. Halafu maswali huzaliwa yenyewe. Tupime bati lenyewe lililoinama, au ardhi iliyofunikwa na paa? Watakaopima bati watapata eneo kubwa zaidi, na itawapasa kutambua kwamba kuinama kwa paa hakuongezi mvua inayotoka mbinguni. Maji yanayomwagika pembeni ni kiasi gani? Ikipotea sehemu moja ya tano, zinabaki bidoni 192. Tangi la ukubwa gani latosha, na bei yake ni ngapi? Hapo Injili ya Luka (14:28-30) inapata sauti mpya, kwani Bwana anamsifu yule anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Katika kazi hiyo moja mna eneo, ujazo, wastani, asilimia na michoro ya takwimu. Chombo cha kupimia mvua ni chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, iliyokatwa juu na kuwekewa rula pembeni. Kinachohitajika zaidi ni uaminifu wa kuandika kipimo kila asubuhi, na kutobuni namba ya siku iliyosahauliwa.

Kuhusu intaneti, tuseme ukweli wote. Mega zina bei, umeme unakatika, na simu ya baba haikai nyumbani mchana. Mwalimu anayemwambia kila mwanafunzi akatazame video nyumbani amewagawa watoto katika makundi mawili kabla somo halijaanza. Lakini zipo njia. Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo intaneti: masomo hupakuliwa mara moja, kisha simu au kompyuta nyingine karibu huyapata bila mega. GeoGebra nayo ni ya bure, huchora maumbo na grafu, na ikishawekwa katika simu hufanya kazi bila mtandao. Khan Academy ina masomo kwa Kifaransa, yaani lugha ileile ya mitihani yetu. Kompyuta moja ya parokia, ikitunzwa na kundi la vijana, yaweza kuhudumia mtaa mzima wa Katuba au wa Kenya.

Wapo walimu wanaotujibu kwamba Mtihani wa Taifa, ule tuuitao Exetat, haumwulizi mtu habari za paa. Unamtaka achague jibu upesi. Wanasema tena kwamba darasa limejaa na mwaka ni mfupi. Hoja hizo ni nzito, na hatuzidharau. Mazoezi ya kukokotoa upesi lazima yabaki, kama vile mwanakwaya hawezi kuacha kufanya mazoezi ya sauti. Lakini aliyewahi kukosea lita na mita za ujazo mbele ya tangi halisi hatazichanganya tena kwa urahisi mbele ya karatasi. Nalo darasa lililojaa laweza kugawanywa katika vikundi, kila kimoja na kipimo chake, kisha matokeo yalinganishwe.

Hofu yetu kubwa ni nyingine: neno “mradi” lisije likawa jina jipya la mchango. Kazi inayowadai wazazi karatasi za rangi, uchapishaji na nauli imekwisha kumfukuza maskini. Mradi mwema wa hisabati hutumia kamba, rula, mizani ya sokoni na macho.

Na asiwepo wa kuwaambia kwamba namba ni mali ya wageni. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye alama pale Ishango, mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, katika nchi yetu hii. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Katika safu yake moja mna makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19, ambayo jumla yake ni 60. Wataalamu wanabishana hata leo juu ya maana yake, na mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Lakini mkono ulioyapanga makundi hayo ulikuwa mkono wa mtu wa hapa.

Basi, kila kundi la vijana, liwe la Kizito-Anuarite, la Xaveri au la kwaya, lichague kitu kimoja cha kupima kabla mvua hazijaanza: maji ya paa, makala yanayotumiwa na jamaa kumi kwa mwezi, au uzito halisi wa unga unaouzwa kwa kopo sokoni. Matokeo yasomwe mbele ya jumuiya hai baada ya sala, pamoja na makosa yaliyogunduliwa.

Maswali ya kujadiliana kundini:

1. Ni kipimo gani mtaani kwetu ambacho watu hukiamini bila kukihakiki?
2. Ni nani kati yetu hana simu wala kitabu, na tutasoma naye namna gani?
3. Tukigundua kwamba mizani ya ndugu yetu muumini si ya kweli, tutamwambia nini, na kwa upendo gani?